Kibao na Geti

Nilipewa hadi Jumapili niwe nimetia sahihi mkataba wa hospitali ya Marekani, na wiki nzima nilikuwa na hasira na kila mtu. Miaka miwili nilikuwa nimeusomea mtihani wao wa wauguzi, nikitoka zamu ya kliniki hapa Doha na kufungua vitabu juu ya kitanda, na sasa nilikuwa nimepita. Mji nilipangiwa na wakala, sikuuchagua. Ni mji mdogo wa mbali na bahari, una mto, kiwanda cha unga na hospitali moja. Sitautaja, maana wenyeji wake wameshasemwa vya kutosha. Nilichotaka kujua ni jambo moja tu: kama naweza kumpeleka binti yangu wa miaka tisa akaishi pale.

Nikafanya kosa la Mkenya. Kwetu ukitaka kuhamia mtaa humuulizi wakala, unamuuliza mama muuza mboga, na mama atakwambia mpaka mbwa wa nani huuma. Basi nikaingia kundi la mtandaoni la wakazi wa mji ule. Nikawasalimu wote katika jina la Bwana, nikaweka picha yangu nikiwa na sare ya kazi, nikasema mimi ni mama wa binti mmoja, nikauliza kwa adabu kama mji wao ni mwema kwa watu weusi.

Walipigana siku tatu. Wa kwanza waliniambia karibu sana, majirani hapa huleta keki. Kisha mtu akataja kibao. Zamani, akasema, penye daraja la kuingilia mji palikuwa na kibao cha kuwaonya watu weusi jua lisiwakute ndani. Hapo ndipo moto ulipowaka. Mmoja akasema kibao hakikuwepo kamwe, ni uzushi wa waandishi. Mwingine akasema kilikuwepo, ila kiliwekwa na watu wa nje. Mwalimu mmoja mweusi akaandika kwamba ameishi pale miaka kumi na moja, na mpaka leo huweka mafuta ya gari kabla ya magharibi. Akaambiwa ahame basi kama hapapendi. Hakuna aliyeniuliza tena chochote. Picha yangu ilibaki pale juu ikitabasamu, na wao wanararuana chini yake.

Siku ya tatu akaja mama mmoja mzee. Aliandika mistari michache tu. Kibao kilikuwepo, alisema, na baba yake ndiye aliyekuwa akikipaka rangi upya kila baridi ikiisha. Yeye alikuwa mtoto, alikuwa anamshikia mkebe. Wakamtukana, wengine kwa jina la marehemu babake. Mimi nilizima simu. Niliamua siendi. Nitampelekaje mtoto akacheze na wajukuu wa mpakaji rangi?

Ijumaa ikafika, na Ijumaa kwetu ni kikao. Tunaishi wanawake watatu katika nyumba ya kupanga mtaa wa Najma, juu ya duka la kutengeneza simu, na tangu mwanzo tulikubaliana kwamba mwenye jambo kubwa, iwe kubadilisha mwajiri au kuposwa, analiweka mezani baada ya chakula cha mchana, na chai haimiminwi mpaka kila mtu amesema. Sharti jingine ni kutoulizana kabila wala kijiji. Hapa sote ni watu wa kufukuzia basi la kampuni. Sharti hilo nililipenda sana, kwa sababu ambazo sikuwahi kuzichunguza.

Mganda wetu, anayefanya kazi ya kufua nguo hotelini, alianza kabla sahani hazijatolewa.

"Nyabo, wewe nenda," akasema. "Hata hapa umekaa, si umezoea?"

"Kuzoea mimi ni sawa. Mtoto je?"

"Mtoto atazoea haraka kukushinda."

Wa tatu wetu ni mlinzi katika jengo moja la ghorofa kule Lusail. Ni msichana wa maneno machache, mdogo kwangu kwa miaka saba, na anapokula hutenga mboga pembeni aimalizie mwisho. Alicheka.

"Mimi huwafungulia mlango wa vioo siku nzima, yes madam, yes sir," akasema. "Nikimaliza shift natokea nyuma, kwa mapipa. Kwani kuna mtu ameitisha kikao juu ya hiyo?"

"Hiyo ni kazi tu," nikamjibu, kwa ukali zaidi ya nilivyokusudia. "Mimi nasema mahali pa kulea mtoto. Binti yangu saa hii yuko nyumbani, na mji wetu una amani. Anatembea mpaka sokoni peke yake. Kwa nini nimtoe huko nimpeleke kwa watu wa vibao?"

Nikawasomea maneno ya yule mama mzee, nikiwa na hakika kwamba yatamaliza ubishi. Mganda alishika mdomo. Mlinzi aliacha kula.

"Huyo ndiye ningemwamini," akasema. "Ningekuwa wewe, ningetafuta nyumba karibu na yake."

"Karibu na mtu aliyeshika mkebe?"

"Wengine wote wanakuambia hakuna kitu. Yeye amekuambia ukweli, na ni babake."

Nilimwambia hajui anachosema kwa sababu hana mtoto. Lilikuwa neno baya na nililijua wakati linatoka. Hakukasirika. Aliifuta mikono yake taratibu, akauliza, "Naweza kuweka langu pia? Kabla ya chai?"

Tukasema aweke.

"Mathe, mamangu, anataka kurudi kwetu. Kuna shamba letu robo ekari, nyuma ya posho mill, tuliliacha nikiwa na miaka minane. Sasa amezeeka, anataka kujenga chumba kimoja afie hapo. Ananiuliza kila siku, watu wa huko wako aje siku hizi?" Akanitazama. "Wewe ndiye mwenyeji. Nimwambie nini?"

Kwanza sikuelewa. Kisha nikaelewa yote kwa pamoja. Mji wetu wa Bonde la Ufa una kinu kimoja tu cha kusaga unga, hiyo posho mill. Miaka miwili huyu msichana amenisikia nikijisifia mji wangu wenye amani, hewa yake, viazi vyake, kanisa letu, na hakuwahi kusema neno.

"Ulijua?" nikauliza.

"Tangu uonyeshe ile picha ya duka lenu."

Nikasema lile ambalo sote wa kwetu hulisema tukiulizwa habari za ile miaka ya uchaguzi, watu walipofukuzwa makwao kwa ajili ya kabila. Nilisema yalikuwa mambo mabaya, lakini waliofanya walikuwa watu wa nje, walikuja na malori.

"Usiku mmoja kabla ya malori, geti letu lilichorwa alama," akasema mlinzi. "Geti la jirani halikuchorwa. Hao watu wa nje walijuaje geti letu ni gani?"

Mganda aliinuka kama anayetaka kuzima jiko, akakuta limezimwa, akakaa tena. Nami nikauliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo.

"Alama ilikuwa ya rangi gani?"

"Kijani. Kama mlango wa duka lenu."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kaka yangu aliingia kwa mlango wa jikoni, vidole vyake vya kijani mpaka kwenye kucha, akanitaka nimsaidie kuvitoa. Sikumuuliza kitu. Nilimmiminia mafuta ya taa mikononi, juu ya karai, nikasugua na kitambaa mpaka ngozi yake ikawa nyekundu. Mkebe wa rangi tulikuwa tumeubakiza tulipopaka duka Krismasi. Asubuhi yake nilisikia mayowe ng'ambo ya kinu, nikaendelea kuosha vyombo, na tangu siku hiyo sijamwambia mtu, hata mume niliyekuwa naye.

Niliwaambia pale mezani, hivyo hivyo, bila kupamba. Nililia, na nikaona aibu kulia, maana machozi yale hayakuwa haki yangu. Mlinzi hakulia. Alichukua simu, akampigia mamake, akaiweka katikati ya sahani.

"Mathe, huku kuna mtu wa huko," akasema. "Sema naye."

Nilimsalimu. Nilimwambia mimi ni wa duka la mlango wa kijani. Nilimwambia aliyechora geti lake ni kaka yangu, na kwamba niliosha mikono yake. Upande wa pili kuku walikuwa wakilia, na mtu alikuwa akipasua kuni.

"Yeye yuko?" mama akauliza mwishowe.

"Yuko. Ndiye mwenye duka sasa."

"Haya. Nimesikia. Nimeshukuru kuambiwa. Kurudi, sasa nitafikiria upya."

Chai haikumiminwa siku hiyo. Mlinzi alivaa sare yake akashuka kungoja basi, na mpaka leo tunasalimiana, tunapikiana, lakini kikao hakijaitishwa tena.

Jumapili nilitia sahihi. Mji ule bado unanitisha, na yule mama mzee nimemwandikia kumuuliza anakaa barabara gani. Kisha nilimpigia binti yangu kumwambia tunahama. Alipiga kelele za furaha, akauliza kama kuna theluji. Nikamwambia kuna theluji, na zamani kulikuwa na kibao, nikamweleza kilisema nini. Akasema watu hao ni wabaya sana, afadhali huku kwetu. Basi nikamweleza na habari ya geti, na kwamba aliyelichora ni mjomba wake.

Akauliza, "Ni mjomba yupi huyo?"

Nikamwambia ni huyo anayemshika mkono kila asubuhi kumpeleka shule.