Kitanda Nilichokiweka Sebuleni

Namshukuru Mungu aliyeniamsha tena leo, ingawa ameniamsha katika nyumba isiyo na mtu wa kusalimia. Simlaumu. Kosa ni langu, na naliungama mbele yenu.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kitale. Mke wangu ana ugonjwa wa kutetemeka, ule unaokula nguvu za mwili kidogo kidogo. Daktari alituambia wazi kwamba hautarudi nyuma, kwa hivyo tuitengeneze nyumba mapema.

Niliitengeneza. Ee Bwana, wewe unajua nilivyohangaika! Nilivunja ngazi za mlangoni nikamwaga simiti ya mteremko. Nikafunga vyuma vya kushikilia chooni. Kisha nikatoa kitanda chake chumbani, nikakiweka sebuleni karibu na mlango, apate jua na nimwone kwa urahisi.

Sikumuuliza. Yeye alikuwa ameniomba jambo moja tu.

"Baba Nanjala, nisawazishie njia ya jikoni. Nikifika kwa moto nitakaa na akina mama wenzangu."

Jiko letu liko nje, nyuma ya nyumba, na njia yake ina mawe. Nikacheka. "Mgonjwa anatafuta nini jikoni? Si upumzike."

Alipoona kitanda kinahamishwa, alisema neno moja: "Na mkwe akija?"

Sisi asili yetu ni Bungoma. Kwetu mkwe haoni mahali mama mkwe wake analala. Nilijua hivyo tangu utotoni. Lakini nilimjibu kama niko madhabahuni: "Sisi tumeokoka. Mila haituhusu."

Akaanza kukunja shuka zake. Nikadhani amekubali.

Binti yetu Nanjala ameolewa karibu na Kibabii. Mumewe alizoea kutuletea ndizi, akae sebuleni, yeye na mke wangu wasalimiane kwa mbali, kila mtu kwa kiti chake, kwa heshima. Siku hiyo alifika mlangoni na mkungu begani. Akaona kitanda, na mama mkwe wake amelala. Akageuza uso, akarudi nyuma hadi kwa zizi la ng'ombe.

"Ingia bana, hapa ni kwenu," nikamwita.

"Niko sawa hapa nje, mzee."

"Hata mvua inakuja."

"Mvua ni ya Mungu. Kitanda ni cha mama."

Aliondoka kabla ya chai. Nikamcheka: "Ati mtu amesoma hivyo na anaogopa kitanda!" Nilicheka peke yangu. Mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa shuka.

Tangu hapo Nanjala alikuja mara chache. Angemwachaje mumewe zizini kama mchuuzi? Akina mama wa kanisa nao walikuta wazee wenzangu wameketi kando ya kitanda, wakasalimia, wakaomba, wakaenda. Mazungumzo yao ni ya jikoni, si ya mbele ya wazee.

Asubuhi moja mke wangu aliniambia, "Baba Nanjala, umeniweka kama mzigo kwenye steji ya matatu. Watu wanapita tu. Nipeleke kwa kaka yangu Lugulu."

Nilimpeleka nikidhani atachoka huko arudi.

Nilipoenda kumwona, nilisikia kicheko kabla sijafika mlangoni. Alikuwa jikoni, kwenye kiti kifupi chenye mgongo, anachambua mboga ya mrenda na wake wa ndugu zake. Mikono ilitetemeka, majani nusu yalianguka chini, kuku wakayadonoa.

"Huyu anapikia kuku," wifi yake alisema, na yeye ndiye aliyecheka zaidi. Nilikuwa nimesahau kwamba mke wangu hucheka.

Nilirudi Kitale, nikarudisha kitanda chumbani. Nikang'oa mawe ya ile njia kwa mikono yangu, nikashindilia udongo hadi ukawa laini. Kisha nikaenda kumuuliza, kwa mara ya kwanza.

"Mama, njia iko tayari. Utarudi?"

Miguu yake ilikuwa imeshaacha kumbeba. Aliniangalia bila hasira.

"Ungeniuliza nikiwa na miguu. Sasa nimebaki na masikio, na huku kuna watu wa kusikiza."

Kila asubuhi naomba, kisha nafagia ile njia. Haina alama ya mguu ila wangu.

Ndugu yangu unayemtunza mgonjwa, kabla ya kununua simiti, keti umuulize anataka kuishi vipi. Wala usitumie jina la Bwana kumfunga mtu mdomo. Mungu akujalie subira, na yule unayempenda akusubiri nyumbani ukirudi.