Moja ni Kinga

Mitambo, ndivyo kaka yake alivyombandika jina tangu utotoni, alikuwa na siku moja tu ya kumrudishia baba yao sauti. Kesho saa nne mzee angekatwa mguu. Kaka alishatia saini fomu ya ridhaa, kwa kuwa mzee alipoulizwa aliitikia kwa kichwa. Lakini tangu apooze, ulimi ulikuwa mzito, mkono haushiki kalamu, na kichwa kiliitikia kila kitu, hata nzi akipita.

Sauti ya mzee ilikuwa kwenye kisanduku ambacho yeye mwenyewe aliwahi kuwaundia wasioweza kusema, enzi za ufundi wake: maneno yanapita kwenye kioo, unabonyeza kitufe, kinalitamka ulilochagua. Kisanduku kilikufa mwezi uliopita. Mitambo akaokoa programu yake, akaandika nyingine ya kuuigiza ubongo wa kisanduku kwenye kompyuta, amri kwa amri. Kila ilipofika kwenye amri ya kulinda kurasa za kumbukumbu, mahali maneno yanapohifadhiwa, ilizimika. Neno lilitaka kuandikwa, likakuta mlango umefungwa.

Kosa hakuliona. Daftari ambamo baba alieleza kila amri ya kisanduku lilisema waziwazi: "Moja, kinga. Sifuri, usikinge." Naye Mitambo alikinga: ukurasa wenye moja, marufuku kuandika. Maji yalishamfika shingoni. Aliusoma mstari ule mpaka machozi ya hasira yakamtoka.

"Baba, umeandika kinga, nimekinga. Sasa unataka nini kwangu?"

Kichwa kikaitikia.

Mama akaingia na birika la maji ya kunawa. "Mwache baba yako ale kwanza," alimwambia Mitambo, binti yake, kisha akamgeukia mumewe. "Haya, baba watoto, kinga."

Mzee akaisogeza mikono, akaikutanisha chini ya birika. Maji yakajaa viganjani.

Mitambo akayakodolea macho. Kumbe si kinga ya kujikinga na mvua, ni ya kukinga maji. Moja ulikuwa ukurasa unaopokea. Mzee wa watu, mpaka daftari lake lilisema mafumbo.

Akaigeuza amri ile. Programu ikapita, maneno yakaanza kupita kwenye kioo. Aliomba moyoni litoke moja tu, "nikateni", maana daktari alisema asipokatwa hamalizi mwezi. Akakiweka kidole cha baba kwenye kitufe, akakiachia.

Mzee alingoja neno lake, akabonyeza.

"Sitaki," kompyuta ikasema.

Mama akaliweka birika chini. Mzee akabonyeza tena, neno lile lile, huku kichwa chake kikiendelea kuitikia.