Santuri Iliyochechemea

Wiki jana nilikuwa Kitale kwa fundi wa simu. Spika ya simu yangu ilikuwa imeanza kukoroma, na fundi, kijana mwenye kofia ya sufu na mikono myepesi, akaifungua, akaipuliza, akaifunga, kisha akacheza wimbo wa kuijaribu. Wewe unajua vijana wanasikiliza nini siku hizi. Lakini huyu akacheza ule. Kinanda kama cha kanisani, filimbi ikipita juu yake, halafu ngoma zikaingia kwa mguu mbovu. Kabla sijajua ninachofanya, vidole vyangu vilikuwa vinapiga kioo cha meza yake.

"Kumbe mathe unajua hii ngoma?" akauliza. "Hii ni rock ya kitambo, bana. Watu wengi hawaiwezi. Ni ndefu kama mahubiri."

"Siijui," nikasema, nikauficha mkono chini ya meza.

Mama mzima mwenye mvi, nimekana wimbo mbele ya kijana ambaye angefurahi nikimwambia ndiyo. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, na kilichoniudhi ni kwamba sikujua naona aibu ya nini hasa: ya kuujua wimbo, au ya jinsi nilivyoujua. Baadaye nikamwomba auingize kwenye simu yangu, ati ni wa kumpelekea mtu. Basi na wewe, kwa kuwa hutanicheka sana, kaa nikusimulie.

Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa mwalimu wa sayansi kimu katika shule ya wasichana hapo Kitale. Alikaa katika nyumba za walimu, za matofali na mabati mekundu, mahali ambapo mji unaishia na mashamba ya mahindi yanaanza. Hakuwa ameolewa. Sisi huko Sirisia, Bungoma, tulimwita senge, kama watu wa kwetu wamwitavyo shangazi, na tulimwogopa kidogo. Alivaa suruali. Alikunywa chai bila sukari. Alikuwa na meza ya kulia ambayo watu walikula chakula juu yake kweli, si kuipambia vitambaa tu.

Na alikuwa na santuri. Mzungu mmoja aliyekuwa akijitolea kufundisha shuleni kwao alirudi kwao Ulaya akamwachia, sanduku la mbao lenye kifuniko, pamoja na sahani zake. Kati ya sahani hizo shangazi alipenda moja, yenye jalada la nyumba iliyosimama kichwa chini ndani ya ziwa. Upande mzima ulikuwa wimbo mmoja. Kila Jumapili, kanisa likishaisha na vyombo vya mchana vikishaoshwa, alivuta pazia nusu, akaipangusa sahani kwa kitambaa laini, akashusha sindano, na nyumba nzima ikanyamaza.

Nilipelekwa kwake likizo ya Agosti, na nilijua nimepelekwa kwa nini. Shangazi alitaka mtoto mmoja wa ukoo akae naye asome Kitale, na hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya pekee tuliyowahi kuisikia. Binamu yangu alitangulia likizo iliyopita, akarudishwa. Kwetu ilisemwa kwamba alilala santuri ikicheza.

"Ati alikoroma kabisa," mama aliniambia akinisuka nywele. "Sasa wewe usilale. Hata kama hiyo muziki ni mbaya namna gani, kaa macho."

Kwa hiyo nilifika Kitale nikiwa nimeelewa kwamba wimbo ndio mtihani. Miaka mingi baadaye binamu aliniambia kwamba alirudi kwa sababu alilia kila jioni akitaka kwao. Lakini mimi nilikuwa nimeshaufanya mtihani wangu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Watoto wa nyumba za walimu walinicheka nilipotamka "kulala" kwa ulimi wa Bungoma, wakalirudia neno langu siku nzima wakipita dirishani. Visigino vyangu vilikuwa na nyufa, nikawa navificha chini ya kiti. Na viganja vilikuwa na malengelenge, kwa sababu tulikuwa tumetoka tu kupura maharagwe nyumbani. Shangazi aliviona, akanipa mafuta ya kupaka. Nilitamani hata asingeyaona.

Jumapili ya kwanza nilikaa wima kama mtu anayepigwa picha. Nyimbo nilizozijua zote zilikuwa na mahali pa kupiga makofi. Za kanisani zilikuwa napo, za harusi, hata za mzee wa kwetu aliyepiga litungu, kinubi cha kwetu, kwenye matanga, ukikaa naye kidogo unajua mkono uuweke wapi. Huu haukuwa napo. Nikitikisa kichwa, kichwa kinabaki nyuma. Nikingoja, ngoma zinanipita. Basi nikafanya wafanyavyo wanafunzi wasiosoma: nikaangalia kwa jirani. Kidevu cha shangazi kikishuka, nami nashusha changu.

"Umeipenda?" akauliza ilipokwisha.

"Sana, senge."

"Umependa wapi?"

"Pale mwisho."

"Mwisho upi?"

Ule wimbo ulikuwa ukiisha mara nyingi, kila ukidhani umekufa unaamka. Shangazi akaenda kuzima sanduku. Nilienda jikoni nikakunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Mama jirani, ambaye ukoo wake ulitoka mkoa wa kati na kupata shamba huku zamani, alikuwa akileta githeri ya mahindi na maharagwe katika sufuria ndogo na hakuficha maoni yake. "Mwalimu, hii muziki yako iko na shida ya mguu," alisema. "Inachechemea kama ng'ombe yenye kwato imeoza." Shangazi alicheka. Mimi nilitaka kucheka sana, lakini niliogopa kupoteza nafasi yangu.

Siku nilipoingia ndani ya wimbo ule, sikuwa hata nausikiliza. Ilikuwa siku ya kazi tu, mvua imekatika, na nilikuwa nimekaa kizingitini pa jikoni nikichagua maharagwe ambayo nyanya, mama yake shangazi, alinifungia nilipokuwa natoka Sirisia. Shangazi alikuwa sebuleni akishona, santuri ikizunguka. Nikatumbukiza mkono kwenye gunia, vumbi likapanda, lile vumbi la maganda makavu linalowasha koo. Wakati huohuo ngoma zikaingia, na mabega yangu yakajua kazi.

Hebu nikueleze tulivyopura. Maharagwe yaling'olewa na mizizi, yakaanikwa kwenye uwanja uliosiribwa kwa samadi, na yakishakauka mpaka yakalia ukiyagusa, tulisimama wanne tukiyazunguka na fimbo: mimi, mama, mke wa amu, na nyanya. Fimbo hazikushuka pamoja, zilifuatana. Mimi, mama, mke wa amu, nyanya. Mimi, mama, mke wa amu, na zamu ya pili ya nyanya ikifika, hapigi. Anatumia nafasi hiyo kuyarudisha kwa mguu maharagwe yaliyorukia nje, maana hakukubali hata punje moja ilale kwenye majani. Nasi hatukumngoja. Pale fimbo yake ilipokosekana, mimi nilianza upya mara moja. Mgeni alijulikana hapo. Mke wa amu alipoolewa, fimbo yake iligongana na yangu msimu mzima, na vidole vyetu vikaipata.

Sasa nikawa nimekaa Kitale na punje mkononi, nikasikia fimbo zile zile. Nne, kisha tatu, kisha mwanzo. Wimbo haukuwa na ugonjwa wa mguu. Kulikuwa na mtu ndani yake anayeacha zamu yake ipite kwa kuwa ana kazi nyingine ya kufanya. Nilipolijua hilo, kinanda kikakaa mahali pake, filimbi ikakaa mahali pake, na nilijua utakapogeuka kabla haujageuka. Nililia kidogo, nikajipangusa kwa mkono wenye vumbi, nikalia zaidi.

Jumapili iliyofuata shangazi alikuwa na wageni. Mama jirani alikuja, na pia mwalimu wa muziki wa shule yao, mtu wa miwani na tai, aliyekuwa akimsifu shangazi kwamba ana masikio ya muziki. Kulikuwa na keki, na chai ya tangawizi katika vikombe vyenye visahani. Wimbo ulipokwisha, mwisho wa kweli safari hii, mwalimu wa muziki akazungumza kwa muda mrefu kuhusu hesabu ya mapigo na kuhusu vyuo vya ng'ambo. Kisha akanigeukia.

"Na huyu msichana, yeye anasikia nini?"

Nilikuwa na jibu la uongo tayari. Nilikuwa nimelitunga juma zima, lilikuwa na neno "ajabu" na neno "mbinguni". Lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu la kweli, na mtoto akipata kitu cha kweli hawezi kukificha.

"Nasikia kukhu," nikasema, maana ndivyo tumwitavyo nyanya. "Anarudisha maharagwe na mguu."

Walicheka. Mama jirani alicheka mpaka akashika kiti. Mwalimu wa muziki alivua miwani kuipangusa. "Maharagwe," akasema. "Mwalimu, umetuletea mtaalamu." Na shangazi naye akacheka. Kicheko chake kilikuwa kifupi na cha juu, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, na macho yake hayakunitazama. Hicho ndicho kilichonikata. Nilikusanya vikombe ambavyo havijamalizwa nikavipeleka jikoni, nikijiambia kwamba kesho nitafunga nguo zangu.

Wageni walipoondoka shangazi akaja kuosha vyombo mwenyewe. Nilipangusa.

"Mguu upi?" akauliza ghafla.

"Nini, senge?"

"Anarudisha na mguu upi?"

"Wa kushoto."

Alisuuza kikombe kilichokuwa kimeshasuuzwa. "Nikiwa mdogo ulikuwa wa kulia," akasema. "Kabla ng'ombe hajamkanyaga."

Hayo ndiyo yote. Hakuniomba radhi, na mimi sikujua kwamba mkubwa anaweza kuomba. Juma lile alinipeleka kupimwa sare ya shule.

Nilikaa naye mpaka nikamaliza shule. Tuliusikiliza wimbo ule Jumapili nyingi, ila wageni hakuwawekea tena. Na huko Sirisia hatukuwahi kusema tunachokijua kuhusu wimbo ule. Nyanya alikuja Kitale mara moja tu, kutibiwa macho, akalala kwetu. Asubuhi kabla hajafika, shangazi alifunga kifuniko cha santuri, akatandika kitambaa juu, na juu ya kitambaa akaweka chombo cha maua. Nyanya aliketi karibu na sanduku, akapapasa mbao zake.

"Hili sanduku nalo ni la nini?" akauliza kwa Kibukusu.

"La vitambaa, mama," shangazi akajibu.

"Mbao nzuri," nyanya akasema.

Nilikuwa nimesimama hapohapo na chai yake mkononi. Sijui shangazi aliogopa nini, kwamba mama yake atacheka, au kwamba ataujua wimbo kuliko sisi sote na kuuliza ulitoka wapi. Sijui hata mimi niliogopa nini. Nyanya alirudi Sirisia na dawa yake ya macho, na aliaga dunia bila kuusikia. Hiyo ndiyo aibu ambayo nikiigusa bado ina joto. Nyingine zote, za visigino na za ulimi, zilipoa zamani.

Kutoka kwa yule fundi sikwenda nyumbani, nilikwenda Sirisia. Shangazi alistaafu, akarudi kukaa katika boma la nyanya, na masikio yake hayajambo kuliko magoti. Uwanja wa kupuria bado upo, ila hakuna anayeusiriba tena, na nusu yake imepandwa sukuma wiki. Maharagwe yanapurwa kwa mashine ya kukodi inayokuja juu ya pikipiki, inanguruma, inatema, inaondoka, na punje zinazorukia nje zinaachiwa kuku. Watoto wa boma hawajui kufuatana kwa fimbo. Si kosa lao, mashine haichoki na haina zamu.

Tuliketi uwanjani kwenye viti vya plastiki, tukanywa chai, yake bila sukari. Nikatoa simu nikaiweka kwenye stuli. Kinanda kikaanza. Shangazi akakitambua, akaangalia upande wa migomba, nami nikaangalia upande wa choo, kwa kuwa hata sasa tukiwa wawili tu hatuwezi kutazamana huo wimbo ukicheza.

Ngoma zikaingia. Nne, kisha tatu. Nikainamisha macho nisimwaibishe, na hapo ndipo nilipoona miguu yetu. Kila zamu ya nyanya ilipofika, wake wa kulia na wangu wa kushoto ilikuwa inasukuma vumbi kuelekea katikati ya uwanja, mahali ambapo hapakuwa na punje hata moja.