Ukurasa wa Mwisho wa Nyundo

Fundi cherehani yule watu walimbandika jina la Mizani kwa sababu wimbo wa rapu ukipigwa dukani kwake, alihesabu silabi. Miaka kumi na tisa alishona, redio ikiwa pembeni, na ubishi ukizuka wa nani mkali kati ya wanarapu wawili, Nyundo na Kinyonga, wateja walimwachia yeye aamue.

"Nyundo anakata maneno mafupi, kina kinaangukia mwisho, pwaa!" alikuwa akisema, pini mdomoni. "Pumu ilimbana tangu utotoni, pumzi ya kurefusha ataitoa wapi? Kinyonga yeye anasokota. Kina anakificha katikati ya mstari. Ukija kugundua, ameshakupita."

Nyundo alipofariki, watu wa redio wakamwita Mizani Jumamosi asubuhi aje kuwalinganisha magwiji hao. Alikwenda roho kwatu. Kufungua mlango wa studio, akamkuta Kinyonga mwenyewe ameketi, na kando yake mama mzazi wa Nyundo, karatasi kaikumbatia kifuani.

"Haya ni mashairi ya mwisho ya marehemu," mtangazaji alieleza hewani. "Kinyonga ndiye aliyempelekea mama, juzi. Nitasoma, fundi atuchambulie."

Akasoma: "Mama niliyekuacha mlangoni ukilia, jirani akikusihi urudi ndani..."

Mizani alianza kuhesabu silabi. Mstari ulijipinda, ukaendelea, vina vimejibanza katikati, pa kuvuta pumzi hakuna. Akamtazama Kinyonga. Kinyonga akatazama viatu vyake.

"Nilimwambia muziki wake ni kelele, akaondoka," mama alisema. "Miaka sita hatukusemezana, mpaka kifo. Hii ndiyo radhi aliyoniomba. Fundi, wewe unawajua wote wawili. Maneno haya ni yake?"

Kusema ndiyo kulikuwa kwepesi kama kumeza mate, na nani angejua? Mama yule alikuwa hapepesi macho.

"Nisamehe, mama yangu. Si yake. Hakuwa na pumzi ya mstari mrefu hivi."

Nyuma ya kioo, fundi mitambo alishika kichwa. Kinyonga akasimama, kiti kikaanguka.

"Umefurahi sasa? Umemvunja moyo mama wa watu!"

"Keti," mama alisema. "Nani kaandika?"

Kinyonga akabaki wima. "Mimi. Lakini radhi ni yake, mama, naapa. Alinitamkia hospitalini, mkono umeshakataa kalamu. Akasema, nitafutie maneno ya kumwambia mama."

"Mbona hukuniambia hivyo?"

"Niliogopa. Ungesema namsingizia maiti."

Mtangazaji akanyoosha mkono aweke wimbo. Mama akamzuia kwa kiganja. Akalaza karatasi mezani, akaikunjua pembe zote.

"Andika jina lako hapa chini," alimwambia Kinyonga. "Nijue aliyenifikishia."

Wiki nzima mashabiki wa Nyundo walimtukana Mizani, wengine wakipita dukani makusudi kumsonya. Aliendelea kushona, sindano ikamchoma mara mbili.

Siku ya nane aliingia mama yule, hana kitambaa cha kushonesha. Akavuta kigoda, akakaa.

"Nyimbo za mwanangu sijawahi kusikiliza hata moja mpaka mwisho," alisema. "Nianzie wapi?"

Mizani akazima cherehani, akaanza kumchagulia nyimbo.