Mkasi Nilioambiwa Niuache

Siku ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yenyewe ilikuwa haijapita hata miezi mitatu. Maonyesho ya biashara ya Pazhou yalikuwa yamefungwa, kontena langu limeshapakiwa bandarini Huangpu, nami nimebaki Guangzhou sina kazi, nalala na kuamka. Asubuhi akaja kunigongea mjomba Haji, kaka yake mama, Mzanzibari aliyeishi mji huu mpaka wauza mboga wakawa wanamtania kwa lugha yao naye anawarudishia.

"Vaa viatu tukatembee shamba," akasema. "Taratibu, kwa njia za ndani. Leo hatununui kitu, na huo mkasi wako uwache hapa hapa."

Ngoja nikueleze habari ya huo mkasi. Sisi wauza vitambaa, na mimi nilikuwa na duka la kanga na vitenge Kariakoo, hatukutoka bila mkasi mdogo pochini. Ukiona kitambaa kimekupendeza unakata pembe, unaibandika kwenye daftari la sampuli, unampelekea laoban, yaani mwenye kiwanda, naye anakutolea marobota. Ndivyo tulivyofundishana, na aliyekuwa mwepesi zaidi wa kukata ndiye tuliyemsifu. Basi mkasi nikauweka mezani mbele ya macho ya mjomba. Alipotangulia kwenye lifti nikajidai nimesahau mtandio, nikarudi kuuchukua.

Tulikwenda mwendo wa bi harusi. Gari la mjomba lilikuwa kuukuu na yeye hakulikimbiza. Tuliiacha barabara kubwa tukaingia vijinjia vyembamba, mpunga huku na huku. Bata wakivuka, anasimama. Akiona mzee anauza machungwa kando ya njia, anashuka, anavuta kigoda, wanazungumza nusu saa nzima kwa machungwa manne. Mimi na haraka zangu za Kariakoo nilikuwa natazama saa kila dakika. Tulipomaliza kuswali Adhuhuri kwenye mkeka wetu pembeni mwa shamba, nilimwona mwanamume analima kwa nyati wa kufugwa, miguu yote miwili imezama topeni, wala hana habari na sisi. Nikajikuta nimetulia. Sikumbuki kutulia namna ile tena katika nchi hii.

Kijiji alichonipeleka kiko nyuma ya vilima, na jina lake nalihifadhi. Watu wake walikuwa na umeme wa taa, lakini kufuma na kutia rangi walifanya kwa mikono, si kwa ufukara, bali walikaa wakaamua hivyo. Kupigwa picha hawakutaka. Mjomba alikuwa amezoeana nao miaka, na aliwahi kuwaahidi kwamba yeyote atakayemleta kwao hatawaletea usumbufu.

Mwenyeji wetu alikuwa bibi mmoja tuliyemwita Apo, ndivyo wao wanavyomwita bibi. Mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko kwa rangi ya nili. Alinishika mashavu, akacheka, na mjomba alipomwambia kuwa mimi ni bi harusi mpya akataka kujua nilivaa nini. Nikamsimulia habari ya kisutu, kanga ya bi harusi, jinsi bibi yangu alivyokifukiza udi akanifunika nacho huku analia, mjomba anatafsiri. Apo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia chumbani, akarudi na kitambaa kilichofungwa ndani ya karatasi, akaniwekea mapajani.

Kilikuwa cha mjukuu wake, Mei, msichana aliyekuwa akitumiminia chai. Kilikuwa na ua la petali saba, limezungukwa na vidoa vidogo kama mtama. Kila nyumba pale ina ua lake. Binti akiolewa anakwenda nalo, na ukweni wakiliona wanajua ametoka kwa nani. Haliuzwi, na mtu wa nyumba nyingine haligusi. Apo alikuwa amelifunga kwa uzi, ua moja moja, mwaka mzima, kabla ya kukichovya kitambaa katika nili, na macho yake tayari yalikuwa yanafifia.

"Mwambie akizaa mtoto wa kike amlete," akamwambia mjomba. "Nitamfungia cha kwake."

Maneno hayo niliambiwa mimi, mwanangu, mimi mwenyewe. Halafu wakatoka wote watatu kwenda kutazama mapipa ya nili nyuma ya nyumba, nikaachwa nimalizie chai. Ningependa kukwambia kwamba nilisita. Wapi! Niliutoa mkasi, nikakata pembe yenye ua moja zima, nikakikunja kitambaa kama nilivyokikuta, nikaenda nje nikayasifu mapipa.

Kesho yake nilikuwa Zhongda, kwenye lile soko la vitambaa, kwa laoban wangu. Wiki haikuisha akanionyesha ua la Apo kwenye kanga, buluu safi kabisa, na mimi nikalitungia jina, ambalo leo silitamki. Kariakoo wanawake waligombania. Wenzangu wakaniita fundi wa macho, nikavimba kichwa. Ile pembe ilibaki kwa laoban na sikumuuliza ataifanyia nini. Nilijua itapita kiwanda hadi kiwanda, kila mmoja wetu anajua.

Mwaka wa tatu, nimeshahamia mji huu, nikajaaliwa kuwa na Rukia, binti yangu huyu mnayemwona dukani. Alipoanza kusimama dede nikamwambia mjomba anipeleke kwa Apo, nikachukue ahadi yangu. Naam, nilikuwa na uso huo. Njia zile zile, taratibu zile zile, mjomba anamwonyesha mtoto bata. Katika mji mdogo ulio chini ya vilima tukaingia mkahawa wa tambi wa Waislamu, na pale mezani, chini ya bakuli langu, nikaliona ua. Meza zote zilitandikwa plastiki yenye petali saba. Pazia la mlango wa jikoni, ua. Aproni ya mpishi, ua. Mjomba akaweka vijiti chini. Akaitazama meza, akanitazama mimi. Sote wawili hatukula.

Kule juu tulimkuta Apo amekaa kizingitini. Mapipa yamepinduliwa, kuku wanalala ndani yake. Aliponyoosha mikono kumpokea Rukia nikaona ni myeupe.

Alitusimulia bila kupandisha sauti. Mei aliolewa, na siku ya kufunguliwa sanduku lake wanawake wa ukweni waliangua kicheko, wakamuuliza bibi yake amemtolea kitambaa cha mezani cha mkahawa gani. Mei alikirudisha kitambaa kwa mkono wa mpita njia. Yeye mwenyewe hajarudi, wala hapokei simu. Apo hakufunga uzi tena. Angemfungia nani, na kwa nini, ikiwa lile ua si la mtu tena?

Kisha akamkabidhi mjomba mtoto wangu, akaingia ndani, akakitoa kitambaa. Akanishika mkono wa kulia, akakichukua kidole changu na kukipitisha taratibu kwenye pembe. Palikuwa na kiraka. Kiraka cha zamani, kilichoshonwa kwa uzi mwembamba sana, kwa subira, ili siku ya sanduku kufunguliwa pasionekane. Basi alijua. Alijua tangu siku ile ile tulipoondoka, na hakumwambia mjomba, na bado mtoto wangu alikuwa amempakata!

Akasema maneno machache. Mjomba hakunitafsiria. Nilimbembeleza njia nzima, na tulipoyaona maghorofa ya Guangzhou ndipo alipofungua kinywa.

"Kasema ungeliomba pembe, angelikupa kitambaa kizima, akamfungia Mei chengine," alisema. Kisha akaongeza, "Na mimi ndiye niliyekupeleka."

Hakunipeleka mahali tena. Alinisalimia, alikuja kwangu sikukuu, alimpenda Rukia mpaka alipokwenda kufia kwao Unguja. Lakini katika gari lile sikupanda tena, na sikuthubutu kuomba.

Utaniuliza nilifanya nini kurekebisha. Nilikwenda kwa laoban kumwomba aache. Alinitazama kama mwendawazimu, akaniambia viwanda vinne vinalitoa na yeye hajui vimelipata wapi. Mwezi uliopita nimeliona kwenye mfuko wa vitunguu. Apo sijui kama yu hai. Sikuwahi kupanda tena vile vilima, naogopa nitakachoambiwa. Toba nimeleta, na ninaendelea kuleta, lakini sitakudanganya kwamba nalala vizuri. Rukia anaolewa baada ya Idi na ananiuliza mbona sichangamki. Nitamfunika kisutu nilichonunua dukani, na nikikikunjua vidole vyangu vitatafuta kiraka.

Ndiyo maana nakusumbua na hadithi hii, mwanangu, wewe unayekuja mji huu na sanduku tupu na macho makali kama niliyokuwa nayo. Siku hizi mkasi wenu ni simu, hausikiki hata ukikata. Ukialikwa nyumbani kwa mtu, sahau kwamba wewe ni mfanyabiashara. Alichokuwekea mapajani si sampuli. Kama umekipenda, ngoja arudi, umwombe huku mnatazamana. Akikataa, maliza chai yako, shukuru, uondoke ulivyokuja, hata kama una hakika Kariakoo nzima ingekigombania. Na mtu mzima akikwambia kitu fulani ukiache nyumbani, usirudi kukichukua yeye akiwa kwenye lifti.

Mwenyezi Mungu akujaalie riziki usiyomficha mtu. Akufungulie milango ya watu wema, na ukiingia akutulizie mikono yako. Na siku utakapomrudia mwenyeji wako na mtoto mgongoni, umkute mikono yake bado ni ya buluu. Mimi sikumkuta hivyo. Amina.