Unene wa Mwaka wa Vita

Mwaka ule wa vita ya Uganda na Watanzania, watu wote wa Mpumudde, mtaa wetu wa Jinja, walikonda, mimi nikanenepa. Sukari ilikuwa ya magendo, sabuni ya magendo, chumvi tulikuwa tunapimiana kwa kijiko, na mimi, Mkenya wa kupanga chumba kimoja, mashavu yananijaa na miguu inakataa kuingia kwenye viatu. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Ya kwanza ilikuwa imeharibika tukiwa bado Bungoma, kwa hiyo hii niliilea kwa hofu, na unene ule ulinifurahisha. Nilijitazama kwenye kioo cha mume wangu cha kunyolea ndevu nikajiona nimependeza.

Majirani waliona mengine. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akisafirisha mizigo kati ya Jinja na ghala moja la Mbale, upande wa viwanda. Mke wa dereva akinona wakati wa njaa, maelezo ni mamoja tu: ana gunia la sukari chini ya kitanda. Mama mwenye nyumba, Msoga mpenda utani, alikuwa akinipapasa mkono na kucheka. "Mukyala, bibi wewe, nakura nini peke yako?" Nami nilicheka naye. Kichwa kilikuwa kinanigonga tangu Jumapili na mchana kweupe nilikuwa naona vimulimuli, lakini hayo sikumwambia mtu. Nani angemhurumia mwenye mashavu kama yale?

Sijui nani alipeleka maneno kambini. Asubuhi moja, mume wangu akiwa safarini, gari la jeshi lilisimama mlangoni na askari watatu wakashuka kutafuta sukari. Walipindua kitanda, wakamwaga unga, wakapasua godoro, wasipate kitu. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni kwa sababu kusimama kulinishinda, nikisema ndiyo afande, hapana afande. Kiswahili changu chenyewe kilinitia aibu, maana pale mtaani watu walizoea kukisikia kwa wenye bunduki. Mkubwa wao aliitazama miguu yangu kwa muda. Akachuchumaa, akabonyeza kidole gumba kwenye muundi wangu, na shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Mama, hii si mafuta," akasema. "Bibi yangu iko hospitali na miguu kama hii. Ingia kwa gari."

Nililia nikimwomba aniache. Aliyeishi Uganda miaka ile hahitaji kuelezwa kwa nini. Watu walipakiwa kwenye magari yale wasionekane tena, na ndugu zao hawakuthubutu kuuliza wamepelekwa wapi. Askari wawili walinibeba juujuu mpaka garini. Nilimwona mama mwenye nyumba nyuma ya pazia lake, mkono mdomoni, nikajua ananiaga. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajiaga.

Gari likaenda hospitali kweli. Mpaka leo nikisimulia hapo, wasikilizaji hunitazama kama ninayelitetea jeshi lile.

Sista aliyenipokea, mwanamke wa Buwenge mwenye sauti ya chini, alichemsha mkojo wangu kwenye kichupa juu ya moto, ukaganda kama ute wa yai. Aliniambia hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba. Sijaanguka bado, lakini niko mlangoni, na wanaoanguka wengi hawainuki, wao wala watoto wao. Dawa kubwa ilikuwa kulala. Nikawekwa kwenye chumba cha mwisho cha wodi, mapazia mazito yamefungwa: bila mwanga, bila kelele, bila kuinuka hata kwenda msalani. Kando ya kitanda waliweka kijiko kilichozungushiwa bandeji, cha kunitia kati ya meno nikianguka. Chakula kilikuwa cha bila chumvi, na hilo halikuwasumbua kwa kuwa chumvi yenyewe haikuwepo. Halafu sista akaniambia nisishtuke, maana mshtuko ni mbaya kwa hali yangu. Nchi nzima iko vitani, mimi nimeandikiwa kutoshtuka.

Kwenye kitanda cha pili alikuwa mke wa yule afande. Alikuwa Mnubi, wa kabila lililojaa jeshini, mzaliwa wa Jinja hiyo hiyo, mimba yake kubwa kuliko yangu na uso umevimba mpaka macho yamekuwa vijistari. Siku za mwanzo nilimchukia kwa sababu ya mumewe, hata kama ni mumewe aliyenileta. Lakini gizani chuki inachosha upesi. Alikuwa anasuka kawa ya kufunikia chakula, kwa kupapasa, akiificha chini ya shuka kila sista akiingia, na akinitangazia rangi anazotia, nyekundu, kijani, nami sikuwa na namna ya kumbishia. Alinichekesha mpaka niliogopa kucheka nako kutahesabiwa mshtuko.

Wasiwasi wangu ulikuwa mume wangu. Sista alimtuma mfagiaji wa wodi aende Mpumudde akaache habari. Mfagiaji alirudi akasema chumba kiko wazi, kitupu, hata sufuria hazipo, na majirani wanaapa hawajawahi kumwona Mkenya pale. Kikongwe mmoja tu ndiye aliyemnong'oneza kwamba mume alirudi, akaambiwa mkewe amechukuliwa na jeshi, akaondoka siku hiyo hiyo kurudi Mbale kabla na yeye hajachukuliwa. Basi. Mimi nimelala chali nusu saa ya mwendo kutoka nyumbani kwangu, na mume wangu anaamini nimekufa. Hakuja kuulizia hospitalini. Nani mwenye akili angemtafuta hospitalini mtu aliyebebwa na gari lile? Nilitaka mambo mawili tu duniani, mtoto atoke hai na baba yake ajue tupo, na kulifuata la pili kungeniharibia la kwanza. Nilikuwa nikilia bila kutoa sauti, kwa amri ya sista.

Kisha mizinga ikaanza kusikika ng'ambo ya mto. Vioo vilitetemeka nyuma ya mapazia. Wauguzi wakapungua mmoja mmoja, sista wa Buwenge akabaki. Mchana mmoja afande aliingia kwenye chumba chetu na buti zake, amechafuka, akamwambia mkewe wanaondoka kuelekea kaskazini kwa njia ya Mbale. Akanigeukia. Lori lina nafasi, akasema, mimi naweza kushushwa kwa mume wangu.

Nilishusha mguu mmoja sakafuni. Nakumbuka ubaridi wa simenti ile. Sista hakunishika, alisimama tu mbele yangu.

"Ukipanda lori hilo hutafika Iganga," akasema. "Wewe na mtoto wako, nyote wawili hamtafika."

Mke wa afande alikuwa tayari amekaa, anahema, anajifunga kanga. Nilimwambia abaki. Alinijibu taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. "Dada, wewe unaweza kubaki. Mimi ni Mnubi, mke wa askari. Wakiingia hao Watanzania, majirani zangu wenyewe ndio watakaowaonyesha kitanda changu." Alikuwa amesema kweli, na sote mle chumbani tulijua. Kubaki kungemuua na kwenda kungemuua, akachagua kufa na mumewe karibu. Aliniuliza jina la mume wangu na ghala lake liko wapi, akarudia mara mbili asisahau. Akasema watampitishia habari. Mguu wangu nikaurudisha kitandani.

Watanzania walipoingia mjini watu walipiga vigelegele barabarani, na sista akaja kuyabana mapazia zaidi. Ndivyo nilivyosherehekea ukombozi. Siku chache baadaye alizaliwa binti yangu, mdogo wa kutosha kiganjani, mwenye hasira, akilia kuliko mizinga. Uvimbe ulinitoka kwa mkojo, siku baada ya siku, nikabaki mifupa kama watu wengine. Sista alitukataza kuondoka mpaka mtoto apate uzito na njia ifunguke.

Tulipofika Mbale, ghala lilikuwa limevunjwa milango. Mume wangu alikuwa uani, amenyoa kichwa kama mfiwa, anashona magunia na mlinzi wa pale, mzee wa Kigisu. Aliponiona hakuinuka. Alinyoosha mkono mbele kama anayejikinga, akamwuliza mlinzi kama na yeye ananiona. Nilipomkalia karibu ndipo akamgusa mtoto mguu, akaanza kulia. Ndugu zetu walikuwa wameshanizika Bungoma, shina la mgomba kaburini badala ya mwili wangu.

Nilimwuliza kwa nini wanizike, na habari nilimtumia. Akainama. Mlinzi ndiye aliyesema.

Jeshi lilipokuwa likikimbia kupitia Mbale, lori moja lilisimama langoni. Afande akashuka, akamwita mume wangu kwa majina yake yote mawili. Waliokuwa uani walitawanyika, mume wangu akajifukia chini ya magunia. Afande aliita kwamba mimi ni mzima, niko hospitali Jinja. Aliita hivyo mara nyingi. Mle ndani kila mtu alijua ni mtego.

"Halafu akaondoka?" nikauliza.

"Hapana. Akaomba maji," mlinzi akasema. "Mwanamke alikuwa amelala nyuma ya lori, mwili wote unatetemeka. Alikuwa anaomba maji ya huyo mwanamke. Alikaa pale langoni akiomba."

Nikauliza nani alimpelekea. Mlinzi akarudi kwenye gunia lake. Mume wangu akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuna aliyetoka, ni nani angetoka.

Nikampa mtoto amshike. Nikakaa pale kwenye magunia nikalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu nibebwe nyumbani kwangu. Wafanyakazi wa ghala walisogea kutazama, na hawakuelewa kwa nini ninamlilia mke wa askari.