Misalaba Miwili Kando ya Stesheni

Nimezaliwa mahali ambapo ukirusha jiwe kizembe linafika relini, na hadi leo sijawahi kupanda treni. Dada yangu huwasimulia hivyo majirani zake wa Dar es Salaam kama mtu anayeeleza ugonjwa wa ndugu yake. Miaka yote safari zangu zilikuwa kutoka jikoni hadi kwenye mpeasi, mti wetu wa matunda, na hapo nilibeba kigoda. Kwenda Njombe mjini, ambako watu wa hapa Makambako wanakwenda asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana, kwangu lilikuwa jambo la kufikiria wiki nzima, kutafuta soksi zinazofanana, halafu kuahirisha.

Nayasema mapema ili msije mkadhani kuna mtu mbaya katika habari hii. Kuna mvivu mmoja tu, naye ndiye anayeandika.

Baba alikuwa kibarua wa njia ya reli, kazi yake kukaza boliti kwenye mataruma. Alipofariki walimpeleka kwao Kifanya. Mama hakupelekwa Kifanya. Alizikwa hapa, kwenye kipande cha shamba letu kinachopakana na eneo la stesheni, chini kidogo ya mpeasi, pembeni ya kaburi la mwanamke ambaye hatukumjua.

Mwanamke huyo alishushwa kwenye treni nikiwa kidato cha pili. Alikuwa anatetemeka, na treni haikuwa na nafasi ya kumsubiri apone. Mama alikuwa anauza viazi vya kuchemsha pale jukwaani. Akaacha beseni lake chini, akamshika mkono, akamkokota hadi nyumbani. Alilala kwetu siku mbili bila kusema neno la kueleweka, ya tatu akafa. Polisi wakaja, wakaandika wanachoandikaga. Katika mfuko wake mlikuwa na khanga mbili, kipande cha sabuni na rozari ya plastiki, ya bluu. Hakuna karatasi yenye jina. Stesheni walisema ndugu wataulizia, tukangoja, hakuulizia mtu. Sisi ni Walutheri, lakini mama aliizungusha ile rozari kwenye mkono wa yule mgeni, na mchungaji wetu akauangalia mpeasi mpaka alipomaliza. Seremala akachora kwenye msalaba neno moja: ABIRIA.

Mwaka uliofuata mama naye akaugua. Siku za mwisho alituita mimi na dada, akasema, "Mtaniweka pale kwa mgeni wangu. Haiwezekani mtu afike ugenini halafu alale peke yake."

Tukamweka pale.

Dada akaolewa, akaenda Dar. Mimi nikamaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakumlazimisha mtu yeyote kunihamisha. Ukoo ukaona nisikae bure, ukanipa cheo: mlinzi wa kaburi la mama. Kila dada akipiga simu swali la kwanza lilikuwa, "Mlinzi, mama anaendeleaje?" Namjibu hajambo, nimemfagilia. Na kweli nilikuwa nafagia. Kufagia kunafanyika karibu na nyumbani.

Sasa misalaba. Miaka kumi na kitu iliyopita, Julai, ile Julai yetu ambayo ukipumua unaona umepumua, niliona misalaba yote miwili imeanza kuoza chini. Nikaing'oa niikaushe na kuipaka rangi. Nikaiegemeza ukutani jikoni, nyuma ya mlango, upande wa kuni. Mnaona inakoelekea. Jioni moja nilikuwa nachemsha maharage, kuni zilizo karibu zimelowa, mkono wangu ukapapasa nyuma ya mlango bila mimi kuondoka kwenye kigoda. Nilipotazama motoni niliona herufi tatu, ABI, zinageuka nyeusi. Msalaba wa pili ulikuwa umeshatangulia.

Nilichonga mingine. Nikaandika majina vizuri, mwandiko wangu haujawahi kuwa na tatizo. Nikaenda shambani na nyundo, nikasimama katikati ya yale matuta mawili, nikagundua sijui yupi ni yupi. Miaka yote nilikuwa nasoma msalaba. Kaburi lenyewe sikuwahi kuliangalia. Mvua zilikuwa zimeyasawazisha, yamelala kama vitanda viwili vya bweni.

Ningeweza kumpigia dada. Ningeweza kwenda kwa yule mchungaji, alikuwa bado hai wakati huo, anaishi karibu na Njombe mjini. Lakini kulikuwa na ukungu. Nikajiambia, mama alipenda kivuli, basi ni huyu wa upande wa mpeasi. Nikagonga. Uamuzi wote ulichukua muda wa kupenga kamasi. Kwenye simu nikamwambia dada nimepaka misalaba rangi, akanisifu.

Kisha ukaja mradi. Wapimaji walipita na mashine zao za miguu mitatu, wakachimbia bikoni, zile nguzo fupi za mipaka, mpaka ndani ya maharage yangu. Stesheni inajengwa upya, wakasema: paa jipya, jukwaa refu, uzio, uwanja wa kushushia makontena. Mji mzima ulifurahi, na mimi nilifurahi, maana nyumba yetu ilibaki nje ya mstari kwa hatua nne. Makaburi yalikuwa ndani. Tangazo likabandikwa kwenye ofisi ya mtaa: wenye ndugu waliozikwa eneo hili wajitokeze, watahamishiwa makaburi mapya nje ya mji.

"Afadhali safari hii una kazi," dada alisema kwenye simu. "Mtoe mama vizuri. Usije ukaniletea mtu mwingine."

Alikuwa anatania. Dada anatania tangu tukiwa wadogo.

Afisa aliyekuja na fomu alikuwa binti mmoja mpole, amevaa koti zito kuliko yeye. Alisimama kati ya matuta.

"Huyu ni nani, mzee?"

"Mama mzazi."

"Na huyu?"

"Huyo ni abiria."

"Ndugu yenu?"

"Hapana. Alifia kwetu tu."

"Mnaondoka naye au tumwandike na wasio na wenyewe? Mkimtaka inabidi upate kibali Njombe, maana si ndugu. Ni kwenda mara moja tu. Labda mbili."

Nilimkumbuka mama, msinione sina moyo. Nilikumbuka hata beseni lake la viazi. Halafu nikatazama juu, mawingu yalikuwa yanashuka, nikafikiria kituo cha mabasi, kukaa kwenye benchi la ofisi, kuambiwa njoo kesho. Nikajisemea kwamba abiria amezoea kusafiri na watu asiowajua.

"Mwandike na hao," nikasema.

Akanipa kalamu nisaini kama shahidi. Nikasaini.

Wasio na wenyewe walihamishwa Jumatatu. Niliwaona kupitia dirisha la jikoni, wanaume wenye glavu na visanduku vya mbao, chai yangu ikiwa mkononi. Walipofika kwenye lile tuta la pili walifanya kazi haraka tu, kama wanachimba viazi. Sikutoka. Ilikuwa baridi.

Jumatano ikawa zamu yetu. Dada alikuwa amefika kwa basi, na jiwe la kaburi lenye jina la mama alikuwa ameshaliagiza. Walikuja mchungaji mpya na akina mama wachache wa kwaya. Waliweka turubai kuzunguka kaburi, wakasema aingie mwanafamilia mmoja.

"Mwacheni mlinzi aingie," dada alisema, akinisukuma mgongoni. "Leo ndiyo siku yake."

Nikaingia. Nje wakaanza wimbo. Mchimbaji mkubwa, mtu wa makamo mwenye pengo, alishuka shimoni akawa anampitishia mwenzake kwa adabu, kidogo kidogo. Sitaeleza. Kisha akasimama, akanyoosha kiganja cha glavu juu kuelekea kwangu.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo, "mama yenu alikuwa Mkatoliki?"

Zilikuwa punje za bluu. Udongo ulikuwa umekula kila kitu isipokuwa plastiki.

Nje walikuwa wamefika ubeti wa pili, na sauti ya dada ilikuwa juu ya zote. Nilishika nguzo ya turubai. Mtu ukimwona kwenye hali ile unadhani ana uchungu wa mama, na kweli nilikuwa nao, ila sikujua niuelekeze wapi.

"Alipenda shanga," nikasema.

Mchimbaji akaziangalia tena. "Shanga zenye msalaba?"

Nikavuta turubai kuziba upenyo.

"Nizirudishe?"

"Zirudishe. Ni zake."

Akazirudisha kwenye kisanduku, taratibu, akazifunika. Nikainama karibu naye nikamuuliza wale wa Jumatatu waliwekwa wapi.

"Kule kule makaburi mapya, upande wa kushoto ukiingia. Shimo moja. Jana tumewamwagia zege, wameshatulia."

Tulimzika yule mwanamke kwa jina la mama, kwa nyimbo za mama, na jiwe la mama kichwani pake. Dada aliweka mkono juu ya kisanduku muda mrefu. Walipomaliza alinikumbatia, jambo ambalo hatufanyagi, akasema, "Asante, mdogo wangu. Nimekucheka sana, kumbe kukaa nyumbani nako ni kazi."

Ndiyo mara ya kwanza maishani kusifiwa na dada mbele za watu.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda Njombe. Mimi, kwa miguu yangu, soksi zozote. Nimekwenda mara nne tangu siku hiyo. Makondakta wananijua, mmoja ananiita mbunge. Nilimkuta yule afisa mwenye koti. Nikamwambia kuna makosa, aliyeko kwenye zege ndiye mama yangu. Akafungua faili kwa upole ule ule, akageuza karatasi niione. *Mwanamke, abiria, hana ndugu.* Chini yake shahidi, na mwandiko wangu mzuri.

"Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Na yule uliyemzika Jumatano ni nani?"

"Ndiye abiria."

Aliangalia mlango kama anayetaka mtu mwingine aingie. Akanieleza kwamba shimo lile halifunguliwi bila amri ya mahakama, na hata likifunguliwa visanduku vina namba tu, na namba nyingine unyevu utakuwa umezifuta, itabidi vipimo, na vipimo vinafanyika Dar. "Na ndugu zako watahitajika," alisema. "Wanajua?"

Nikamwambia ninajiandaa kuwaambia. Nimejiandaa miezi tisa.

Najua kuna watakaosema mama angefurahi, mgeni wake amepata jiwe na nyimbo, na yeye mwenyewe amelala na watu wasio na wenyewe, kama alivyopenda. Mchungaji angeweza kuisema vizuri sana. Lakini mama hakuchagua hivyo. Aliomba kulala na mtu mmoja, nami nimewatenganisha, nikamfunga na watu ambao hata majina hawana, kwa sababu sikutaka kukaa kwenye benchi la ofisi. Siku za baridi nasimama kwenye lile zege nikijiuliza yuko pembe ipi. Safari hii najihadhari nisikisie.

Na dada anapiga simu. "Mlinzi, mama anaendeleaje?" Napiga picha ya lile jiwe, namtumia. Anajibu kwa ile alama ya simu ya mikono miwili inayosali.

Stesheni ilipofunguliwa dada akasema atakuja kwa treni, aone maendeleo ya kwao. Nilikwenda kumpokea. Jukwaa linang'aa, kuna viti vya chuma, kuna sauti ya mwanamke inayotangaza kutoka juu ya dari. Pale palipokuwa na mpeasi pamewekwa lami, makontena yamepangwa matatu matatu. Dada alishuka na begi na maua ya plastiki yaliyofungwa kwenye nailoni.

"Umekuja mpaka hapa peke yako?" alisema. "Umepumzika wapi njiani?"

"Hapo kwenye bomba la maji."

Alicheka. Alitaka kuzungukia stesheni yote, akakaa kwenye viti, akaniambia hata mimi nikipakwa rangi nitapendeza. Kisha akasema, "Haya, chai baadaye. Kwanza twende kwa mama."

Tulipanda bajaji. Njia nzima alinisimulia habari za wajukuu zake, nami nilikuwa naitikia. Tulishuka kwenye geti la makaburi mapya, akatangulia, akakata kulia kama mtu anayeingia kwake, maua mbele.

"Dada," nikasema, "si huko."

Aligeuka huku anacheka. "Umeshapotea mlango wa mama yako? Mlinzi gani wewe."

"Mama yuko huku," nikasema.

Nikaanza kutembea kuelekea kwenye zege. Nilikwenda hatua nyingi kabla ya kutambua kwamba nyuma yangu sisikii miguu ya mtu.